Nilisoma Theluji, Nikanyamaza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka yangu ya kwanza hapa Buffalo hasira hizo nilizimalizia kwenye theluji. Niliitukana kwa Kiswahili, kwa Kisambaa, na kwa maneno niliyookota kiwandani ambayo siwezi kuyaandika. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, akiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili kule Columbus, kwamba amejiunga na wenzake wanaopanda milima ya theluji wakiwa na mbao za kutelezea miguuni, mbali na njia, mahali ambapo hakuna lifti wala mlinzi, nilimuuliza wamefanya kosa gani mpaka wakapewa adhabu hiyo. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe hakuwa anatania.

Ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka tisa, na mwaka uliofuata tukahamia huku. Mama yangu mzazi alikuja baadaye, lakini baridi ya Buffalo ilimshinda kwa wiki mbili tu, akahamia Louisville kwa dada yangu. Ukoo wetu wote wa Marekani, basi, ni nyumba tatu na simu: mimi Black Rock, mtaa wa hapa Buffalo, binti Columbus, bibi yake Louisville.

Sikumkataza. Mtu wa miaka ishirini na minne, anayeandika tasnifu ambayo mimi hata kichwa chake sikielewi, unamkatazaje? Nilimwambia tu anifundishe kinachoua watu huko, ili walau nijue ninachokiogopa.

Alinifundisha likizo ya Novemba, jikoni kwake, kwenye nyumba ya kupanga karibu na chuo. Alichukua sinia, akamwaga sukari chini. Juu yake akamwaga unga wa sembe, kisha akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashikana.

"Kiganja changu ndio upepo, Baba," alisema. "Watu wanadhani upepo unapeperusha theluji tu. Upepo unaichota upande unaoupiga, unaisagasaga njiani, unakwenda kuilaza upande wa pili wa mlima. Ikilala pale inashikana, inakuwa ubao. Ukiiona unasema imetulia. Na chini yake labda kuna theluji ya zamani iliyogeuka chengachenga kama hii sukari, haishikani na kitu."

Akaanza kuinamisha sinia polepole. Hakuna kilichotokea. Akainamisha zaidi, hakuna kitu, nikaanza kumwambia kwamba somo lake limegoma. Mara unga ukakatika mstari mmoja karibu na ukingo wa juu, ukashuka wote kwa pamoja, ukaniishia mapajani.

"Umeona? Haikuanza kidogo kidogo."

Nikamwambia nimeona, na nimeuona pia ugali wa jioni ukienda. Lakini usiku ule, kitandani, nilikuwa bado nauona ule mstari.

Alinionyesha pia taarifa. Kila alfajiri ya majira ya baridi, watu wa milimani wanaandika hali ya hatari ya maporomoko kwa siku hiyo na kuiweka mtandaoni. Kuna ngazi tano. Ya kwanza na ya pili unakwenda kwa uangalifu. Ya nne na ya tano zinatisha, kila mtu anabaki nyumbani. "Ya tatu ndiyo mbaya," alisema, "kwa sababu watu wanabishana nayo." Kuna na mduara umegawanywa pande nane, kaskazini mpaka kaskazini, na upande wenye hatari unapakwa rangi. Mteremko uliolala sana hauporomoki, uliosimama sana haukai na theluji. Ule wa katikati, unaowafurahisha kuteleza, ndio huohuo unaoporomoka.

Niliporudi Buffalo nikawa mwanafunzi. Kila asubuhi nilisoma taarifa ya ile milima ya magharibi ambayo sijawahi kuitia machoni, kisha nikatoka nje kufanya masomo ya vitendo. Paa la gereji yangu lilitosha. Upepo wa ziwani ulikuja kutoka magharibi, ukalikwangua paa upande mmoja mpaka vigae vikaonekana, upande wa mashariki ukajaza theluji mpaka ikaning'inia hewani. Nikasimama pale na koti langu nikasema, kwa sauti, "Ala!" Nilikuwa nimeelewa kitu.

Jirani yangu, Mkongomani wa kutoka nyanda za juu za Kivu ya Kusini, ambaye tunapanda gari moja kwenda kiwandani Tonawanda, alinikuta nikipima kina cha theluji kwa fimbo ya ufagio. "Bon, muzee," akasema, "sasa umekuwa docteur ya neige?" Nikamwambia ndiyo, daktari wa theluji, na aondoe baiskeli za watoto wake ubavuni mwa nyumba, maana theluji iliyoning'inia pale juu itashuka. Akacheka, lakini akaziondoa. Siku ya pili ilishuka, ikavunja na kitasa cha mlango wa pembeni. Nilitembea wiki nzima kifua mbele, na kiwandani mwenzangu huyo alinitangaza kwa kila aliyetaka kusikia.

Ninayasema haya ili ieleweke kwamba Jumamosi ile sikuwa mjinga. Mjinga ana kisingizio.

Sasa kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo bila hilo mtu hatanielewa. Kwetu msafiri haambiwi habari ya mabaya. Anaombewa dua, anapewa maneno mema, anasindikizwa, basi. Ukimtajia kifo mtu aliyekwisha kushika mzigo wake, umemtia uchuro, na likimpata jambo, ulimi wako umehusika. Mama yangu katika hili hana mchezo. Siku naondoka Tanzania, mjomba wangu mmoja uwanjani alianza kusimulia ndege iliyoanguka sijui nchi gani, na mama akamshika kiwiko akamtoa kwenye foleni hadi nje, mtu mzima na kanzu yake. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Binti akitaka kupanda mlima, ananipigia, namuunganisha bibi yake wa Louisville, bibi anasoma dua, sote tunaitikia, mtoto anakwenda. Ilikuwa hivyo mara tano au sita, na kila mara alirudi.

Ilikuwa Januari. Yeye na wenzake watatu walikuwa wamesafiri kwa ndege, wakapanda kwa miguu hadi kwenye kibanda cha wapanda milima, wakalala huko. Mimi nilikuwa kazini, zamu ya nyongeza ya Jumamosi. Saa tatu asubuhi, ambayo kwao ilikuwa saa moja, nilikaa kwenye chumba cha mapumziko nikafungua taarifa. Ngazi ya tatu. Theluji mpya ya kufika magotini, imeanguka siku mbili. Upepo mkali kutoka magharibi usiku kucha. Kwenye mduara, mashariki na kaskazini-mashariki zimepakwa rangi. Walikuwa wameandika kwa maneno pia: upepo umelaza theluji nzito juu ya tabaka dhaifu, epuka miteremko mikali inayotazama mashariki.

Chini ya taarifa hiyo, kwenye simu hiyohiyo, kulikuwa na picha aliyonitumia binti dakika kumi kabla. Ramani, na mstari mwekundu wa njia watakayopita. Hakuwahi kunitumia ramani kabla ya siku hiyo. Niligeuza simu nikitafuta kaskazini, kama alivyonifundisha. Mstari ulikata katikati ya mteremko unaotazama mashariki.

Akapiga.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Umelalaje?"

"Sikulala vizuri. Upepo umevuma usiku kucha, paa la kibanda lilikuwa linalia. Umeiona ramani?"

"Nimeiona."

"Unaionaje?"

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, machache tu: mteremko huo una rangi, usiende. Lakini alikuwa ameshasimama mlangoni, nilisikia vyuma vya viatu vyake vikigonga ubao, na nikasikia sauti ya mama yangu kichwani kabla hata sijamuunganisha. Na tena, niseme ukweli wote, niliona haya. Mimi mtu wa kiwanda cha vifuniko vya plastiki, niliyesoma theluji kwenye paa la gereji, nimwambie nini yeye?

"Nyie ndio wataalamu," nikasema.

"Kiongozi wetu anasema tutachimba shimo tukifika, tuangalie matabaka."

"Basi vizuri."

"Lakini ngazi ni ya tatu, Baba. Umesoma?"

"Nimesoma. Vaa vizuri. Ngoja nimuunganishe bibi."

Nikamuunganisha. Mama akasoma dua yake ndefu ya safari, akaongeza na ya kinga, akamwambia mjukuu wake aende salama arudi salama na asisahau kula. Nikaitikia amina. Binti akasema, "Haya. Kwaherini." Simu ikakatika.

Nilikaa na mkate wangu wa mapumziko mkononi. Dakika kama ishirini baadaye, nikiwa nimesharudi kwenye mashine, nilivunja sheria ya kiwanda, nikatoa simu nikaandika: "Msipite mteremko wa mashariki. Rudini." Ikatokea alama moja ya kijivu. Nikapiga, haipatikani. Kutoka pale kibandani, alikuwa ameniambia, mtandao unaishia mlangoni. Nikapiga tena. Vifuniko vilikuwa vinapita mbele yangu na mimi natakiwa kuondoa vibovu, na sikuondoa hata kimoja, vibovu na vizima vyote vilikwenda.

Mwenzangu wa Kivu aliniona usoni. Nikamweleza yote, na ngazi, na rangi, na ramani.

"Na wewe ulisoma ile?"

"Nilisoma."

"Na mutoto alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Donc kwa nini haukumukataza?"

Nikamwambia habari ya uchuro. Alitikisa kichwa. "Hata sisi kwetu, mutu akienda safari, hatusemi mabaya," akasema. "Lakini wewe ulisoma, muzee." Hakusema kwa ukali. Afadhali angenikaripia.

Zamu iliisha saa nane mchana. Tuliingia kwenye gari lake, na nikamwomba asiondoke pale uwanjani mwa kiwanda, maana simu ilikuwa inashika vizuri na niliogopa njiani itakatika. Hakunibishia. Aliwasha hita, akavua kofia, akakaa. Watu wa zamu yetu wakaondoka mmoja mmoja mpaka likabaki gari letu. Nilijaribu kuomba nikashindwa kumaliza, kwa sababu kila nilipofika katikati niliona ule mteremko, ambao hata hivyo sikuujua ulivyo, kwa hiyo niliona paa la gereji yangu likiwa kubwa mno. Hakuna mlango wa kugonga. Hakuna mtu wa kumtukana. Ningeweza kupaza sauti hadi Tonawanda nzima ikatoka nje, na bado yeye asisikie.

Saa tisa na nusu simu iliita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamke, Mmarekani, mmoja wa wenzake. Aliongea haraka na pua imeziba, na Kiingereza changu chote cha miaka kumi na minne kilinikimbia. Nilimwambia arudie. Alirudia mara tatu mpaka nikapata maneno matatu: yuko hai, mguu, helikopta. Nikampa jirani yangu simu, naye Kiingereza chake ni cha kuonyesha kwa mikono, akawa anasema tu, "Yes, madame. Yes, madame," huku machozi yanamtoka.

Saa kumi na moja jioni, alama ya pili ikatokea kwenye ujumbe wangu. Rudini.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Walipomruhusu kutoka hospitali ya huko na kumrudisha Columbus, nikachukua likizo isiyo na malipo nikaenda kumuuguza. Mama naye akaletwa na dada yangu kutoka Louisville, saa nne za barabara, akiwa na chupa ya maji ya zamzam na mto wake mwenyewe. Alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda akimpapasa mjukuu wake kichwa, akasema, "Mmeona dua? Bila dua tungekuwa tunasema mengine." Kila aliyepiga simu kutoka kwetu Lushoto aliambiwa hivyo. Mimi nilikuwa jikoni nikipika uji, nikiwaza kwamba huenda ni kweli, na hata kama ni kweli haikuniondolea kitu.

Mambo yaliyotokea binti alinieleza kwa vipande. Walichimba shimo kweli. Kiongozi wao, mtu mzima mwenye miaka mingi milimani, alikata nguzo ya theluji, akaweka koleo juu yake, akaanza kuligonga kwa kiganja. Unaanza kwa nguvu ya kifundo cha mkono, ikikataa kuanguka unagonga kwa nguvu ya kiwiko, mwisho kwa nguvu ya bega. Yao ilikatika angali anagonga kwa kifundo, ishara ya tabaka dhaifu kabisa. Wote wanne waliona. Kiongozi akasema pale waliposimama ndipo pabaya zaidi, mbele kumekingwa, watavuka mmoja mmoja. Wawili wakavuka. Binti yangu alikuwa wa tatu. Akasikia mlima ukishusha pumzi chini ya miguu yake, akatazama juu, akauona mstari. Walimkuta kwa glavu yake, mkono ulikuwa umebaki nje.

Nilisikiliza habari za kiongozi huyo na damu ikanipanda. Nikasema mtu mzima mzima, anaona kwa macho yake, anapeleka watoto wa watu. Nikasema mengi. Binti aliniacha nimalize.

"Baba," akasema, "wewe kwa nini hukunikataza?"

Bibi yake alikuwa amelala sebuleni. Nilikuwa nimeshika soksi ya mguu wake mzima, nilikuwa namvisha. Nikamwambia hatumtii msafiri uchuro, anajua. Nikamwambia yeye ni mtu mzima, amesoma.

"Nilikutumia ramani. Nani anamtumia baba yake ramani? Nilikuuliza unaionaje. Nikakwambia ngazi ya tatu, nikakwambia upepo. Nilikuwa naomba useme hapana."

"Si ungekataa mwenyewe?"

"Mbele ya wale? Mimi mdogo wao, mgeni wao, mweusi peke yangu, nimwambie mtu wa umri wako kwamba amekosea? Umenilea hivyo wewe?" Hakuwa amepandisha sauti. "Ungesema usiende, ningewaambia baba amekataa. Wangecheka, wangesema Waafrika na baba zao. Wangecheka, Baba, halafu wangeniacha kibandani. Nilikuwa nasubiri neno lako tu. Alipoanza kusoma dua bibi nikajua basi."

Akiwa shule ya sekondari hapa Buffalo, kila alipoalikwa mahali asikotaka kwenda aliwaambia rafiki zake baba amekataa. Nilikuwa najua. Wazazi wa wenzake walininunia kwa ukali ambao sikuwa nao, nami nilifurahi kununiwa, kwa sababu niliona hiyo ndiyo kazi ya baba. Sikujua kwamba bado alikuwa anaihitaji.

Nilimaliza kumvisha soksi. Nikamwambia nisamehe, mama. Akasema ameshanisamehe tangu hospitali, na hilo liliniumiza kuliko kama angekataa.

Mguu umepona, ingawa kwenye ngazi anatangulia na ule mzima. Nilidhani milima imekwisha. Mwezi uliopita alinipigia asubuhi, akaniamkia, akasema Jumamosi wanakwenda, kundi jingine, watu wawili anaowaamini, njia fupi. Sikumpa nafasi ya kuuliza kitu.

"Nakukataza," nikasema.

Nilimsikia akivuta kiti akae.

"Umesoma taarifa, Baba?"

Nilikuwa nimeisoma mara nne. Wiki mbili hakuna theluji mpya wala upepo wa maana. Mduara mzima haukuwa na rangi hata upande mmoja.

"Nimesoma."

"Inasemaje?"

"Ngazi ya kwanza."

"Na mteremko wetu umelala, nimekupimia mwenyewe. Sasa unanikatazia nini?"

Nilitafuta sababu, nikapekua kila alichonifundisha, na kila alichonifundisha kilikuwa upande wake. Nikamwambia ukweli, kwamba ninaogopa.

"Najua," akasema, kwa upole. "Mwaka jana ungenikataza ningebaki."

Kisha akaniaga kwa adabu zote, na Jumamosi akaenda.